Kitufe cha Moja

Sehemu ya Tisa

Tulieni. Bibi hajafa.

Nasema hivi kwa ajili ya wale waliopiga simu ofisini kwetu wiki nzima wakinituhumu kwamba nimemuua mama wa watu kwa presha. Sikumuua. Nilimwacha amesimama mbele ya pazia la duka la kuchapa na kutoa kopi, mkono mmoja kiunoni, mbele ya wanaume wawili wa Mamlaka ya Mitandao. Wa tatu, askari, alikuwa nje analinda mlango. Wanaume wale waliingia saa nne asubuhi na swali moja tu: mwenye kadi hii ni nani?

Naye bibi, mama mkwe wa mwenye duka, akajibu, "Ni mimi."

Mkaguzi, mkubwa kati ya wale wawili, aliitazama kadi. Akamtazama bibi. Mkaguzi huyu alikuwa mtu mzima wa kama miaka hamsini, shati limepigwa pasi mpaka linakata, na sauti yake haikupanda hata mara moja. Hao ndio wa kuogopa. Anayefoka unajua yuko wapi.

"Ni wewe kweli, mama?"

"Jina langu, picha yangu. Ingawa siku ile ya picha nilikuwa na mafua."

Nyuma ya kaunta, Mchapaji aliacha kupanga karatasi. Huyo Mchapaji ndiye mwenye duka, mke wa mtoto wa bibi. Mumewe yuko safarini na lori, siku ya nne sasa, huko ambako simu hazishiki. Mtoto wao wa miezi saba amelala nyuma ya pazia ndani ya boksi la karatasi, maana ndicho kitanda kilichokuwepo.

Mnajua kosa lake. Tangu sheria mpya itoke, hakuna anayefungua mtandao dukani bila kulaza kadi yake ya uraia kwenye kisoma kadi. Serikali ilisema watu wamezidi, kila mmoja ana mtandao, kila mmoja ana mdomo, basi kila mdomo ujulikane ni wa nani. Lakini wateja wa Mchapaji wakawa wanakuja bila kadi. Mmoja kaisahau nyumbani, mwingine imeliwa na panya, wa tatu hajapewa tangu aombe. Mchapaji ana huruma, na huruma haina dawa. Akachukua kadi ya mama mkwe, akaitundika kwenye msumari karibu na mashine ya nne. Asiye na kadi atumie hiyo. Nani atamfuata bibi wa miaka sabini na moja?

Walimfuata.

"Soma," Mkaguzi alimwambia kijana aliyekuja naye.

Kijana huyo tumwite Mtaalamu, maana ndivyo alivyojiita. Alifungua kompyuta yake ya mpakato juu ya kaunta.

"Tarehe tatu, saa mbili asubuhi, mwenye kadi ameomba kazi ya ulinzi kwenye ghala la saruji. Saa tatu, ametafuta dawa ya upara. Saa tano, ameomba majaribio ya timu ya mpira, nafasi ya golikipa."

"Mikono bado ninayo," bibi alisema.

"Saa sita, ametafuta mchumba, umri usizidi miaka ishirini na tano, asiwe na mtoto."

Fundi cherehani wa mlango wa pili, aliyekuja kutoa kopi cheti cha mwanawe na sasa hakuruhusiwa kutoka, alikohoa ghafla na kutazama viatu vyake. Mchapaji alijua ni kwa nini.

Mngeweza kucheka. Hata mimi nilicheka nilipoandika. Lakini Mtaalamu hakuwa amemaliza.

"Saa nane na robo. Mashine ya nne. Kadi hiyo hiyo." Akaigeuza kompyuta imwelekee Mkaguzi. "Kengele."

Hapo hakuna aliyekohoa.

Kwa mgeni wa hadithi hii: Kengele ni ukurasa wa mtandaoni. Hauna matusi, hauna picha, hauna maoni. Una orodha. Fulani alichukuliwa tarehe fulani, saa fulani, mara ya mwisho alionekana mahali fulani. Basi. Kwa orodha hiyo wake wamejua waume zao wako kituo gani, na mama wamejua waache kuzunguka hospitali. Kwa orodha hiyo hiyo serikali ilizima mtandao wa nchi nzima siku tatu. Mwalimu wa hesabu wa mtaa wa juu aliusambaza tu kwa wenzake, hakuandika hata herufi moja, na leo ni mwezi wa tano mkewe anapeleka chakula kituoni na kurudi nacho.

Kama msambazaji yamempata hayo, mwandishi je?

"Afande," Mchapaji alisema, na sauti ilitoka nyembamba kama si yake. "Kadi hiyo wanaitumia watu wote. Mama hajui lolote. Ni mimi niliyeitundika."

"Unajua kuazimisha kadi ni miaka mingapi?"

"Mitano, afande."

"Na bado unakiri."

"Mama yangu ana presha, afande. Asichukuliwe kwa kosa la msumari wangu."

Mkaguzi alikunjua leso, akafuta paji la uso, akaikunja tena kwa mistari ile ile. "Nilijua si mama huyu. Mtu mmoja hawezi kutafuta mke na dawa ya upara na ugolikipa. Asante kwa kunipunguzia kazi." Akavuta kiti, akakaa. "Mwandishi wa Kengele ni mtu anayekaa mashine ya nne. Basi ni mtu wa duka hili. Mtaalamu, waeleze."

Mtaalamu aling'aa uso. Kuna watu ukiwaomba waeleze kazi yao husahau hata kwamba wanakwenda kumfunga mtu.

"Tuna chombo kinaitwa Chujio," alisema. "Kila kinachoandikwa nchi hii kinapita humo. Chujio linatafuta majina ya watu yaliyoandikwa pamoja na tarehe na saa. Likikuta, linazuia. Limenasa kila mtu. Kengele tu ndiye analipita, miezi minane. Nimekesha, nimekonda, mpaka wiki iliyopita ndipo nikaona." Akaonyesha skrini kwa kidole. "Huyu mtu haandiki namba moja! Kila penye moja ameweka herufi, L ndogo. Kwa macho zinafanana kama pacha. Lakini kwa mashine hiyo si namba, kwa hiyo tarehe kumi na moja kwake si tarehe. Ni herufi mbili tu. Chujio linampitisha bila kujua!"

"Mjanja," alisema Mkaguzi.

"Si mjanja, Mkuu. Ni hatari. Huyu amesomea nje."

Mchapaji hakusikia tena.

Alimjua mtu mmoja duniani anayeandika moja kwa L ndogo.

Miaka sita nyuma Mchapaji, bibi harusi wa mwezi mmoja, alikalishwa na mama mkwe, mpiga taipu mstaafu wa serikali, mbele ya taipureta kuukuu, kitambaa kimefunika vitufe asivione. Akiangalia chini, anapigwa rula ya vidole. "Ofisini kwetu aliyeangalia vitufe alirudishwa kufagia," mama mkwe alikuwa akimwambia. Na siku alipouliza moja iko wapi, mama mkwe alicheka sana. Kwenye mashine zile za zamani kitufe cha moja hakikuwepo kabisa. Waliozitengeneza waliona ni hasara, wakati L ndogo ipo. Kila mpiga taipu wa serikali alijua. Kidole cha pete cha mkono wa kulia, L, moja. Barua ngapi za mawaziri zilikwenda hivyo, na hakuna waziri aliyelalamika.

Mchapaji ilimchukua miezi mitatu kuiacha tabia hiyo alipofungua duka, maana fomu za mtandaoni zilikuwa zinamkatalia kila namba ya simu. Mama mkwe hakuiacha. Angeiachia nini? Miaka thelathini na miwili kidole kimekwenda pale pale.

Na nani anayemshikia duka kila Jumanne, yeye anapompeleka mtoto kliniki kupimwa uzito? Nani anayekaa mashine ya nne, akisema anasoma habari za magonjwa ya uzee?

Mama. Mama mwenyewe. "Ni mimi," alisema, na alikuwa anasema kweli tupu, na dunia nzima ilikuwa imemwona bibi asiyeelewa alichoulizwa.

Mchapaji alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, polepole, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari.

"Tutafanya jaribio," Mkaguzi alisema. "Nyote mtakaa hapo mashine ya nne, mmoja mmoja, mtaandika sentensi nitakayoisoma. Mkono wa mtu haudanganyi. Ulimi ndio unaodanganya."

"Mimi pia?" Fundi cherehani aliruka. "Afande, mimi nashona! Mimi kompyuta naijua kwa kuiona!"

"Anza wewe."

Fundi alikaa. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. Mkaguzi akasoma taratibu, kama mwalimu wa darasa la tatu:

"Tarehe kumi na moja, mwezi wa kumi na moja, saa kumi na moja jioni, watu kumi na mmoja walionekana. Namba ziandike kwa tarakimu."

Fundi alinyoosha kidole kimoja, kikaelea juu ya kibodi kama mwewe asiyeona kifaranga. T. Akatafuta A. Akaipata. Akatafuta R. Dakika zikapita. Nje gari la Mamlaka lilikuwa linanguruma bila kuzimwa. Fundi alipofika kwenye namba, kidole kikaganda.

"Moja... moja..."

Mchapaji aliona mlango umefunguka nafasi ya sindano, akajitupa humo.

"Kitufe cha moja kiko juu!" alisema kwa sauti, uso kwa fundi lakini maneno kwa mwingine. "Mstari wa juu kabisa, mwanzo kushoto! Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto! Juu kushoto, fundi, usiende pengine!"

"Wewe!" Mkaguzi hakupandisha sauti, lakini Mchapaji alihisi amepigwa kofi. "Neno moja zaidi nakutoa nje kwa pingu."

Akamtazama mama mkwe. Amesikia? Sikio la kushoto la mama lilikwisha zamani kwa kelele za taipureta, na upande uliomwelekea Mchapaji ulikuwa wa kushoto. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, anapuliza vumbi kwenye miwani yake. Hakuonyesha dalili yoyote.

Fundi alimaliza. Mtaalamu akaiambia mashine itafute tarakimu ya moja, na zote zikawaka njano, moja baada ya nyingine.

"Safi. Si huyu."

Fundi alinyanyuka, akaegemea ukuta, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti ya chini akitaja na watakatifu asiowajua vizuri.

"Mama," Mkaguzi alisema. "Karibu. Ni kwa utaratibu tu."

Bibi alikwenda. Alivuta kiti mbele, akanyoosha mgongo, akaweka viganja juu ya kibodi. Na hapo ndipo Mchapaji alipojua hakuna onyo litakalofaa kitu. Vidole vile havikuwa vya bibi anayejaribu kompyuta. Vilitua kila kimoja mahali pake, vyote kumi, vikatulia. Kidole cha pete cha kulia kikakaa juu ya L.

Hata kama mama amesikia, kidole hakisikii.

Mtaalamu aliona mikono ile. Nyusi zake zikaanza kupanda.

Nyuma ya pazia mtoto akalia.

"Afande!" Mchapaji alikuwa ameshatoka nyuma ya kaunta kabla hajajua amefanya uamuzi gani. "Mtoto anataka nyonyo. Niandike mimi kwanza nikamchukue. Mama ana siku nzima, mtoto hana."

Mkaguzi alisita. Mtoto aliongeza sauti, kile kilio kinachomfanya hata mwanaume mgumu atafute mahali pa kutazama.

"Haraka."

"Mama, nipishe."

Bibi hakuinuka mara moja. Alimgeukia mkwe wake, akamwangalia kwa muda. "Mwanangu, mimi niko tayari."

"Nipishe, mama."

Alikaa. Kiti kilikuwa na joto bado. Mkaguzi akaanza kusoma, na katika muda wa sentensi moja mwanamke huyu alifikiria mambo ambayo wengine tunahitaji mwaka. Mtoto wa miezi saba anayekataa chupa. Mume asiye na habari, huko barabarani. Miaka mitano, au kumi, au mlango unaofungwa na hakuna anayejua ni mlango gani. Na upande wa pili, bibi mwenye vidonge vya presha kwenye pochi, ambaye usiku Mchapaji alipojifungua alimshika mkono saa kumi na nne bila kwenda hata kujisaidia. Nani aliwaambia wakwe hawapendani?

Kidole cha pete. Kulia. L.

Aliandika haraka, bila kuangalia vitufe, kama alivyofundishwa. Tarehe ll. Mwezi wa ll. Saa ll. Watu ll. Akaondoa mikono.

Mtaalamu alisogea. Akaiambia mashine itafute tarakimu ya moja. Hakuna kilichowaka. Akajaribu tena. Mashine ikamjibu kwamba haipo.

"Mkuu," alinong'ona. "Ni yeye."

Mkaguzi alitoa pingu kwa utaratibu ule ule aliotoa leso. Mchapaji akanyoosha mikono mwenyewe, na baridi ya chuma ilipomgusa ndipo machozi yalipomtoka, si kwa maumivu, ni kwa sababu mtoto alikuwa bado analia na sasa hakuweza kumbeba.

"Mfungue," bibi alisema.

"Mama, nyamaza!"

Tangu aolewe hajawahi kumwambia mama mkwe anyamaze. Aliyasikia maneno yakitoka, akaona aibu hata katika hali ile.

"Sinyamazi. Nimenyamaza miaka thelathini na miwili nikiandika ya wengine." Bibi aliinua kidole chake cha pete, kimepinda kidogo kwenye kiungo. "Huyu nilimfundisha mimi. Alichokiandika hapo ni mkono wangu. Nipeni kiti nikuonyesheni kazi ya mwenyewe."

"Anasema hivyo kwa sababu ananipenda, afande! Asikusumbue! Twende!"

"Mwanangu, inuka kwenye kiti."

"Siinuki!"

Fundi cherehani alitazama huku, akatazama kule. Katika maisha yake yote hajawahi kuona mkwe na mama mkwe wakigombania jela.

Na Mkaguzi, wasomaji wangu, kwa mara ya kwanza alionekana hajui la kufanya. Alikuja kutafuta mtu mmoja na sasa anao wawili. Alifungua mdomo.

Simu ya Mtaalamu ikatetemeka juu ya kaunta.

Ilitetemeka ikitembea, ikakaribia kuanguka, Mtaalamu akaidaka. Akasoma. Rangi yote ya kujisifu ikamtoka usoni.

"Haiwezekani."

"Nini?"

"Kengele, Mkuu. Ameandika sasa hivi. Dakika mbili zilizopita."

Hata mtoto alikuwa amepumzika kuvuta pumzi. Mchapaji mwenye pingu alikuwa hapo. Bibi alikuwa hapo. Mashine ya nne ilikuwa hapo, na hakuna aliyeigusa zaidi ya sentensi ile.

"Soma."

Mtaalamu alisoma, na kila alipofika kwenye namba aliinua macho. "'Kumbukumbu namba l47. Leo tarehe l4, maafisa wawili na askari mmoja wameondoka asubuhi kwenda duka la kuchapa lililo mkabala na zahanati. Watakaochukuliwa hapo wakumbukwe. Orodha itafuata.'" Akaisogeza simu karibu na macho. "Ni L, Mkuu. Zote ni L ndogo."

"Nani alijua tunakuja hapa leo?"

"Hakuna. Hata askari anayetuendesha ulimwambia njiani. Hata mimi uliniambia njiani."

Mkaguzi alitoa leso. Safari hii hakuikunjua. Aliishika tu.

Maana kulikuwa na mtu mmoja ambaye yeye Mkaguzi alikuwa amemwambia. Asubuhi, mezani, wakati wa chai. Alimwambia kwa sababu mtu huyo humuuliza kila siku anakwenda wapi, tangu akiwa mtoto mdogo, na kila siku humjibu.

"Imetumwa kwa kadi gani?" aliuliza.

Mtaalamu alibonyeza. Akasoma. Akabonyeza tena, akitumaini mashine itajirekebisha.

"Kadi gani, nimeuliza."

"Ni laini ya nyumbani, Mkuu. Imeandikishwa kwa..." Aligeuza simu ili asilazimike kulitamka. "Kwa kadi yako."

Mkaguzi alisoma jina lake mwenyewe. Midomo yake ilisogea bila sauti.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Fundi cherehani aliropoka, kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Bibi alikuwa ametulia kabisa. Alivua miwani, akamtazama Mkaguzi kwa macho yaliyochoka, na mtu angeapa kwamba alikuwa anamwonea huruma.

"Mlikuwa mnatafuta mtu mmoja," alisema. "Tulikuwa chumba kizima, mwanangu. Wapiga taipu kumi na wanane, ghorofa ya pili, madirisha hayafunguki. Barua zote za kukamata watu tuliandika sisi. Tulipozeeka tukaona tuandike na majina yao." Akavuta pumzi. "Mimi nilikaa meza moja na mmoja wao miaka kumi na tisa. Alikuwa akija na mwanawe likizo, anamkalisha chini ya meza na karatasi za kuchora. Mama yako hajambo?"

Leso ilimponyoka Mkaguzi, hakuiokota.

Mchapaji alitazama uso ule na woga wake wote wa asubuhi akauona ulikuwa wa bure, ukilinganisha na huu uliomwingia sasa. Asubuhi alikuwa anamwogopa mtu anayefanya kazi yake. Huyu hakuwa tena kazini. Huyu alikuwa mtoto wa mtu.

"Nani mwingine ameiona kadi hiyo?" Mkaguzi alimuuliza Mtaalamu.

"Mimi tu, Mkuu. Makao makuu bado. Ripoti inajituma yenyewe baada ya dakika kumi. Nisipoizuia."

"Izuie."

"Sina ruhusa ya..."

"Izuie, kisha nipe simu. Na kompyuta."

Mtaalamu alitii. Alikosea neno la siri mara mbili. Mkaguzi akavitia vyote kwenye mkoba aliokuja nao. Akaenda mlangoni, akaufungua kidogo, akamwambia askari wa nje kwa sauti ile ile ya chini, "Peleka gari mpaka kona. Usirudi nisipokupigia."

Gari likaondoka. Mlio wake ukafifia, na mtaa ukawa kimya.

Mkaguzi akafunga mlango. Akageuza ufunguo. Akashusha pazia la dirisha la mbele, lile lenye maandishi ya bei za kopi, na duka likaingia giza la saa tano asubuhi.

Bila kuambiwa, Mtaalamu alirudi nyuma hatua tatu, akasimama upande wa Fundi cherehani. Mchapaji aliona hatua zile. Ikiwa huyu naye anaogopa, basi kuna jambo analolijua juu ya mkubwa wake ambalo wao hawalijui.

Nyuma ya pazia mtoto alianza tena, taratibu.

Mkaguzi alisimama katikati ya duka. Aliwahesabu kwa macho, mmoja mmoja, akamalizia kwenye pazia. Kisha akauliza, kwa upole kabisa:

"Mbali na sisi humu ndani, nani anajua kwamba ninyi mko hapa?"

Mchapaji alifungua mdomo adanganye. Bibi naye alifungua wake. Wote wawili walichelewa, maana Fundi cherehani, Mungu amsamehe, alikuwa ameogopa mpaka hakuweza kusema lolote isipokuwa kweli.

"Hakuna, afande," alisema. "Hakuna mtu hata mmoja."